Kuwinda Kulungu kwa Gobore na Kufuata Nyayo Zake Kwenye Theluji

Mwindaji anayeingia msituni na gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, huwa na risasi moja tu mtutuni. Akikosa, atahitaji nusu dakika au zaidi kushindilia nyingine, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, na kulungu hangoji muda huo. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa, tangu kukausha mtutu alfajiri hadi kuusoma unyayo ulioachwa usiku, ina shabaha moja: kuifikisha risasi hiyo, ikiwa kavu, mahali ambapo mnyama yuko karibu, ametulia na anaonekana wazi. Theluji ndiyo inayoliwezesha jambo hilo kwa mtu atembeaye kwa miguu, kwa sababu inatunza kila hatua aliyoipiga mnyama na, kwa anayejua kuisoma, inamwambia pia ni lini aliipiga.

Kulungu anayezungumziwa si yule wa misitu ya Afrika mwenye pembe za kudumu, bali ni kulungu mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi kila mwaka na kuziangusha majira ya baridi. Dume mkomavu wa misitu ya kaskazini, kama ile ya Maine, Vermont na New Hampshire, anaweza kuzidi kilo 90 hata baada ya kutolewa matumbo. Ni katika misitu hiyo mikubwa ya kaskazini mashariki mwa Marekani ambako ufuatiliaji wa nyayo kwenye theluji umekuwa ustadi unaorithishwa katika familia, na Larry Benoit wa Vermont alijulikana nchi nzima kwa ustadi huo.

Kila jimbo la Marekani hujiwekea sheria zake za uwindaji, na mtu hana budi kusoma kijitabu cha mwaka huo kabla ya kununua leseni. Vermont hutenga siku 9 za gobore mwezi Desemba, baada ya msimu wa bunduki za kawaida kwisha. Pennsylvania ina msimu wa gumegume, gobore linalowashwa kwa jiwe, baada ya Krismasi, ulioanzishwa mwaka 1974, na humo fataki (kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo ya bunduki) hairuhusiwi: cheche lazima itoke kwenye jiwe. Maine humtaka mwindaji wa gobore avae vitu viwili vya rangi ya machungwa inayong'aa, kofia na vazi la kifuani. Hata pale ambapo sheria hailazimishi rangi hiyo, ivae, kwa kuwa kulungu haitofautishi na rangi za msitu kama binadamu anavyoitofautisha, ilhali mwindaji mwenzako ataiona kutoka mbali.

Kulitayarisha gobore

Gobore linalotumika zaidi kwa kulungu lina mtutu wenye kipenyo cha nusu inchi, yaani .50. Liwe la gumegume, la fataki ya kizamani yenye nyundo ya pembeni, au la kisasa ambalo fataki yake hukaa nyuma moja kwa moja, utaratibu wa kulishindilia haubadiliki sana, na wala makosa yanayoliharibu hayatofautiani.

Anza kwa kuhakikisha kwamba mtutu hauna kitu. Teremsha mdeki, ule ufito wa kushindilia, hadi chini, kisha weka alama juu yake pale unapotokea mdomoni. Hiyo ndiyo alama ya mtutu mtupu. Baadaye, ukishashindilia, utaweka alama ya pili, na tangu siku hiyo mdeki utakuwa shahidi wako: ukitazama umbali kati ya alama hizo mbili, utajua kama bunduki ina baruti na risasi, kama ina baruti mara mbili, au kama risasi imeishia njiani. Risasi isiyokaa juu ya baruti, ikaacha nafasi tupu katikati, inaweza kuupasua mtutu. Usibahatishe jambo hili hata mara moja.

Mafuta uliyopaka baada ya kusafisha mara ya mwisho ni adui wa mlipuko. Yapanguse kwa kitambaa kikavu, kisha, mtutu ukiwa mtupu, weka fataki na uelekeze mdomo wa bunduki kwenye theluji laini, kama sentimita 5 juu yake, ukafyatue. Theluji ikitimka na kuacha kishimo kidogo, njia ya moto i wazi. Isipotikisika, njia imeziba, na ni afadhali kuligundua hilo hapo kambini kuliko mbele ya dume aliyesimama.

Baruti iwe nyeusi ya asili, ambayo ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na salfa sehemu 10, au iwe mbadala uliotengenezwa mahususi kwa magobore, kama Pyrodex. Baruti isiyo na moshi, ile ya bunduki za kisasa, haitiwi kamwe katika gobore la kawaida, hata kidogo, hata kwa kuchanganya, kwa maana nguvu yake huupasua mtutu na kumlemaza au kumwua aliyeushika. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kikombe maalumu chenye mistari ya greini (kizio kidogo cha kupimia baruti), na kiasi cha greini 80 hadi 90 kinatosha magobore mengi ya .50, mradi hakizidi kile alichokiandika mtengenezaji wa bunduki yako. Mimina kutoka kwenye chombo kikubwa kwenda kwenye kipimo, na kutoka kwenye kipimo kwenda mtutuni. Usimimine kamwe moja kwa moja kutoka chombo kikubwa, kwani kaa dogo lililobaki ndani baada ya mlio uliotangulia linaweza kuwasha chombo kizima mkononi mwako.

Baruti ikishaingia, gonga mtutu taratibu kwa kiganja ili ijipange chini. Tandaza kiraka cha pamba kilichopakwa mafuta juu ya mdomo, weka risasi ya duara juu yake (kwa mtutu wa .50 hutumika sana ya inchi .490), isukume iingie, kisha ishushe kwa mdeki. Ushike mdeki karibu na mdomo wa bunduki na uushushe kwa hatua fupi fupi, kwa kuwa mdeki wa mti ukishikwa juu na kusukumwa kwa nguvu huweza kukatika, na kipande chake chenye ncha hutoboa mkono. Ukisikia risasi imekaa imara juu ya baruti, acha, usiipondeponde. Mwisho, ziba mdomo wa bunduki kwa kipande kimoja cha utepe mwembamba wa kufungia nyaya za umeme ili theluji ya matawini isiingie. Hutahitaji kuuondoa wakati wa kupiga, kwa sababu hewa inayotangulia risasi huupasua.

Fataki, au kwa mwenye gumegume baruti ya kisahani (ile kidogo ya kuwashia inayokaa kando ya mtutu), huwekwa ukiwa tayari umeingia msituni, na huondolewa kabla ya kupanda gari au kuingia nyumbani. Mwenye gumegume aufunike mtambo kwa kipande cha ngozi na, theluji inapoanguka, abadilishe baruti ya kisahani kila baada ya saa moja au hata mapema zaidi, maana hunyonya unyevu haraka. Ukifyatua na bunduki isilie, iendelee kuelekezwa mahali salama kwa dakika nzima kabla ya kuigusa, kwani moto unaweza kuwa unatambaa ndani.

Kosa ambalo limewanyima wengi kitoweo, nami likiwa limenipata, ni kulala na bunduki iliyoshindiliwa ndani ya nyumba yenye joto. Chuma cha baridi kikiingia penye joto hutoa jasho, nje na ndani, na maji hayo huingia kwenye baruti bila kuonekana. Asubuhi yake dume mzuri alisimama mita 40 mbele yangu, fataki ikalia kama kijiti kilichovunjwa, na baada ya hapo kukawa kimya. Iwapo sheria ya mahali inaruhusu kuiacha na baruti usiku, ondoa fataki, uifungie mahali pa baridi na penye kufuli, nje ya chumba cha kulala, na uiache na ubaridi wake ule ule siku zote za msako. Isiporuhusu, itoe risasi na baruti jioni, uikaushe, na ushindilie upya alfajiri.

Unyayo wa nani, na wa lini

Siku bora ni ile ambayo theluji imekatika usiku, na wewe unajua imekatika saa ngapi. Ikiwa ilikatika saa tisa usiku, kila unyayo usio na theluji ndani yake umepigwa baada ya hapo, na hiyo ni saa iliyoandikwa ardhini ambayo huhitaji kuikisia. Tembea kandokando ya njia za wakata miti na kwenye migongo ya vilima hadi ukutane na unyayo unaostahili kufuatwa.

Unyayo wa dume mkubwa kwanza ni mpana. Urefu wake, bila vidole vya nyuma, mara nyingi huzidi sentimita 7.5, lakini upana unasema zaidi kuliko urefu, na uzito wake humfanya azame kuliko jike anayepita jirani. Kifua chake kipana huziweka nyayo za kulia mbali na za kushoto, hivyo mstari wake huonekana kama wa mtu anayetembea huku ametanua miguu, wakati jike hupanga nyayo zake karibu na mstari mmoja. Watu wengi hutegemea alama za kuburuta kwato, na katika theluji ya vidole viwili alama hizo zina maana. Theluji ikizidi sentimita 10 hivi, kila kulungu huburuta, hata mtoto wa mwaka huo, nazo hazikuambii tena kitu. Mwangalie badala yake mahali alipoinama kula: dume mwenye pembe pana huacha alama za ncha zake kwenye theluji, pande mbili za alama ya pua. Na tazama mahali alipopita. Jike hupenya kati ya miti miwili iliyokaribiana. Dume mwenye pembe mara nyingi huizunguka.

Umri wa unyayo husomwa kwa kidole. Piga magoti kando yake, vua glovu, na uguse ukingo. Katika unyayo wa dakika chache, chembe zilizorushwa mbele na ncha ya ukwato bado zimelala juu ya theluji zikiwa huru, na ukipuliza zinaruka. Kuta zake ni laini na huporomoka zikiguswa. Baada ya saa kadhaa chembe hizo zimeshikana na theluji ya chini, ukingo umekuwa mgumu, na sakafu ya unyayo imeganda kama sukari iliyoloa ikakauka. Kasi ya mabadiliko haya hufuata hali ya hewa, kwa hiyo usitegemee kanuni ya jana. Kanyaga wewe mwenyewe kando ya unyayo huo, kisha urudi kuutazama wako baada ya nusu saa, na utakuwa umepata kipimo cha siku hiyo. Kinyesi na mkojo husaidia pia: kilicho laini na chenye kung'aa katika baridi kali ni cha muda mfupi uliopita. Jihadhari na siku ya jua na kuyeyuka, kwani nyayo hupanuka na jike mdogo huonekana kama dume wa maisha yako.

Kufuata

Usikanyage mstari wa nyayo. Tembea kando yake, ili uweze kurudi kuusoma ukipotea kwenye mchanganyiko wa nyayo za wengine. Ukitumbukia mahali kundi limekula na kuzungukazunguka, usihangaike kufumbua kila fundo. Lizunguke eneo lote kwa duara pana mpaka ukute unyayo wako unatoka.

Jambo ambalo wanaoanza hulikosea zaidi ni mwendo. Wengi huanza kunyata tangu hatua ya kwanza, na kufikia adhuhuri wako nyuma ya mnyama kwa kilomita nyingi kuliko walivyokuwa asubuhi. Unyayo unapokwenda moja kwa moja, hatua ndefu, bila kusimama, mnyama alikuwa safarini na hayuko hapo. Nawe nenda haraka kadiri unavyoweza bila kutokwa jasho jingi, ukitazama mbele na siyo miguuni. Unyayo unapoanza kuyumba, ukaenda kichakani na kurudi, ukasimama, ndipo kila kitu kibadilike. Tazama vijiti: kulungu hana meno ya mbele katika taya la juu, hivyo huvinyofoa na kuacha ncha zenye nyuzi, tofauti na sungura ambaye hukata kwa mshazari safi kama kisu. Ukiona vijiti vipya vilivyonyofolewa na unyayo unageuka kupanda kilima, mnyama ameshiba na anatafuta mahali pa kulala. Mwezi Desemba, msimu wa kupandana ukiwa umepungua, dume aliyedhoofika hula sana na kulala mara kwa mara, na hiyo ni heri kwa mwenye gobore.

Kuanzia hapo hesabu ni hatua moja na kutazama kwingi. Piga hatua, simama kando ya mti, pekua kwa macho kila upenyo uliojifungua kwa hatua hiyo, pande zote mbili na si mbele tu, kwa sababu dume ana tabia ya kupinda mwishoni kama ndoana na kulala mahali anapoweza kuitazama njia yake mwenyewe. Usitafute kulungu mzima, kwani hutamwona. Tafuta mstari uliolala mlalo katika msitu ambao kila kitu kimesimama, mguu mwembamba usiofika juu kama mti, sikio linalocheza, weusi wa pua. Upepo ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, uache unyayo na uzunguke, hata kama itakugharimu saa nzima.

Mara nyingi atakurupuka kabla hujamwona, nawe utakuta lalio lenye joto na nyayo za kuruka zilizoachana mita kadhaa. Wapo wawindaji hodari wanaomfuata papo hapo. Mimi naona ni bora kukaa chini nusu saa, kula kitu, kukagua fataki na kuacha mapigo yapungue, kwa kuwa dume asiyefukuzwa hupunguza mbio upesi, husimama kutazama nyuma, na baada ya muda huacha kutazama.

Kupiga, na kinachofuata

Risasi ya duara hupoteza kasi haraka, na kwa anayelenga kwa macho bila darubini, mita 70 ni mpaka wa busara. Katika msitu mnene nafasi nyingi huwa chini ya mita 50. Egemeza mkono kwenye mti, ngoja mnyama akupe ubavu, elekeza nyuma ya bega katika theluthi ya chini ya kifua, na uendelee kushikilia shabaha baada ya kufyatua, hasa kwa gumegume, ambayo moto wake huchelewa kidogo na kumwadhibu anayeinua kichwa.

Moshi utakufunika. Chuchumaa upesi utazame chini yake, ukariri mti wa mwisho alioupita, na usikilize. Kisha shindilia upya papo hapo, kabla ya kupiga hata hatua moja. Hamu ya kukimbilia mahali alipokuwa ni kubwa, na imewakutanisha wengi na mnyama aliyejeruhiwa wakiwa na bunduki tupu.

Pale aliposimama theluji itakueleza. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na kwa kawaida nusu saa ya kungoja inatosha. Damu nyekundu iliyokolea, karibu na nyeusi, ni ya ini: ngoja saa 3 au 4. Ukiona majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya tumbo, ondoka kimyakimya na umpe saa 6 au zaidi, maana ukimkurupusha atakwenda mbali na kuteseka bure. Theluji ikianza kuanguka kwa nguvu, muda huu hauna budi kufupishwa, kwa kuwa damu na nyayo vitafunikwa. Usipoona damu, fuata hata hivyo kwa mamia ya mita, kwani risasi isiyotokea upande wa pili huvujisha kidogo mwanzoni.

Saa nane mchana, popote ulipo, jiulize barabara iko wapi. Jua la Desemba katika majimbo hayo ya kaskazini mashariki huzama karibu na saa kumi jioni, na nyayo zako mwenyewe, ambazo uliziamini kukurudisha, hufutika theluji ikianguka. Dira, ramani, taa ya kichwani, kiberiti kisichoingiwa na maji na soksi kavu visikosekane mkobani, na mtu mmoja nyumbani ajue ulikoingilia. Kulungu hajui mipaka ya mashamba. Wewe unaijua, na unyayo ukivuka kwenye ardhi iliyokatazwa, ruhusa huombwa kwanza.

Ukimpata, mguse jicho kwa kijiti ukiwa upande wa mgongo wake. Asipopepesa, ondoa fataki, funga lebo ya leseni kama sheria inavyotaka, na umtoe matumbo mara moja ili nyama ipoe. Funga utepe wa machungwa kwenye pembe kabla ya kumburuta, na umburute kwa kutanguliza kichwa ili manyoya yateleze juu ya theluji.

Usiku huo huo, hata ukiwa umechoka kiasi gani, osha mtutu. Masalia ya baruti nyeusi yana chumvi zinazonyonya unyevu, na kutu huanza ndani ya saa chache. Maji ya moto na sabuni, kitambaa baada ya kitambaa hadi kitoke cheupe, kisha vikavu, kisha mafuta mepesi. Asubuhi pitisha kitambaa kimoja tena. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudia yote tangu mwanzo.